Mamba Muntu na picha za ukumbusho

Juzi darasani mtoto mmoja alichora mto, na ndani yake mwanamke mwenye mkia wa samaki. Wenzake wakapiga kelele: "Mamba Muntu!" Kumbe mtoto huyo amezaliwa hapa hapa kambini, mto wa kwao hajauona hata siku moja. Amesimuliwa na bibi yake.

Miaka ya 1970, nyumba nyingi za Lubumbashi zilitundika picha ya Mamba Muntu sebuleni. Watu walisema anakupa utajiri, lakini utaulipia. Wachoraji walitumia kitambaa cha magunia ya unga. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, alichora hata historia ya nchi: picha zaidi ya 100, mwaka 1973 na 1974. Tangu miaka ya 1980 hajulikani alipo, ila picha zake zimetunzwa Amsterdam, Uholanzi.

Picha za namna hiyo watu wa kule waliziita "ukumbusho". Basi wazazi, tusichoke kuwasimulia watoto mito na milima ya kwetu, nao wachore. Karatasi ikikosekana, hata boksi linafaa. Picha ya yule mtoto tumeibandika darasani, karibuni muione.