Ziwa Likifungwa

Kila mwaka, siku ya mwisho ya Novemba ikiisha, sheria ya uvuvi ya Zambia hulifunga Ziwa Mweru. Kuanzia Desemba Mosi hadi mwisho wa Februari hakuna ruhusa ya kushusha wavu, samaki wapate kuzaliana. Kwa Nchelenge na jirani yake Kashikishi, penye soko kubwa la samaki, hiyo ni miezi mitatu ya wanaume wazima kukaa barazani. Na ndiyo miezi ya mvua, njia za vijijini zikiwa tope, mbu wakiwa kazini katika wilaya ambayo ni miongoni mwa zenye malaria kali kuliko zote Zambia.

Sheria ina sababu nzito. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi wakati wa mvua kwenda kutaga, alivuliwa kupita kiasi ili kulisha migodi ya Katanga na Ukanda wa Shaba, na kufikia katikati ya karne iliyopita akawa adimu. Baada yake wakategemewa samaki waitwao pale, ambao ni jamii ya perege, na baadaye chisense, dagaa wa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa mchangani. Wavuvi wazee wanaijua hesabu hiyo. Wanachonung'unikia ni kwamba ziwa ni moja lakini nchi ni mbili, na husemwa kila mwaka kwamba ng'ambo ya pili, upande wa Kongo, nyavu hazilali. Tena tumbo halina likizo.

Ya tumbo yameandikwa sana, na ni haki yaandikwe. Leo nataka kuandika juu ya saa. Mtu aliyezoea kutoka na mtumbwi jua likizama na kurudi alfajiri, ghafla ana usiku mzima na mchana mzima mikononi, na hana pa kuupeleka. Ataziba matundu ya nyavu zake, ataukalafati mtumbwi, atakwenda shambani kwenye mihogo. Kisha itafika saa tisa alasiri, mvua inanyesha, kila kilichohitaji kufanywa kimeshafanywa. Hapo ndipo pombe huanza kupata wateja.

Hata hivyo mvuvi ana tarehe. Ndani ya wilaya hiyohiyo wapo wanaosubiri bila tarehe. Kuanzia Agosti 2017, mapigano katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo yaliwavusha maelfu ya watu kuingia Zambia. Walipokewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, kisha kuanzia mwanzoni mwa 2018 wakahamishiwa makazi ya Mantapala, ambayo yalipata kuwa na watu zaidi ya 10,000. Humo Kiswahili cha Katanga kinasikika mchana kutwa, pamoja na Kibemba ambacho wengi walikuja nacho kutoka kwao. Kila familia ilikusudiwa kupewa kipande cha ardhi cha kulima, na shule na zahanati zilipangwa kutumiwa na wageni na wenyeji pamoja. Kwa vipimo vya makazi ya wakimbizi, huo ni mpango wenye ubinadamu. Ila shamba halijibu swali la lini. Katika nchi hiyohiyo kuna Meheba, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa ajili ya Waangola, na wapo waliopata wajukuu humo.

Watu wa namna hii tunapenda kuwashauri wajishughulishe. Ushauri huo naona ni nusu ya dawa. Kufagia uwanja mara tatu kwa siku ni kujishughulisha, na huku unafagia akili inarudi kulekule, kwenye nyumba iliyochomwa na ndugu asiyejulikana alipo. Kazi inayomtoa mtu humo ni ile inayombishia. Iwe na kanuni, iwe ngumu kidogo kuliko uwezo wake wa jana, na yeye mwenyewe aone amefanya vizuri au amefanya ovyo, bila kusubiri mtu wa ofisi aje amwambie.

Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi, aliyeijulisha dunia elimu ya kuzama katika kazi kwa kitabu chake cha mwaka 1990, alisimulia kwamba fununu ya kwanza aliipata akiwa mtoto, amezuiliwa Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Huko alijifunza sataranji. Muda wote alipokuwa juu ya ubao ule, vita havikuwepo. Nasi tunaye wa kwetu. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na miaka mitatu ya kifungo, sehemu kubwa akiwa peke yake, akaandika kwa siri, kwenye karatasi za chooni, mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Husifiwa ushujaa wake, na anastahili. Mimi huvutiwa na jambo dogo zaidi: kwamba alishika arudhi. Mtu aliyefungiwa chumba kidogo alijiongezea kifungo cha mizani na vina kwa hiari yake. Naamini kifungo kile cha pili kilimsaidia kukibeba kile cha kwanza.

Pale Mweru hakuna haja ya sataranji. Ng'ambo zote mbili za ziwa kuna ndugu wa bao letu la pwani: Waluba wanao kisolo, Wazambia wengi wanao nsolo au chisolo. Mashimo ya safu nne yanachimbwa hata ardhini, idadi yake ikitofautiana kijiji kwa kijiji, na kete ni kokoto au mbegu zozote zilizo karibu. Mtu aliyepoteza kila kitu njiani anaweza kulifungua baraza la kisolo kabla hajapata hata sufuria.

Ajuaye bao anajua kinachofanyika kichwani. Unazoa kete za shimo moja na kuzisambaza moja moja. Ya mwisho ikiangukia penye nyingine, unazizoa zote na safari inaendelea, pengine ikizunguka ubao kabla ya kulala. Matokeo ya mkono mmoja wa namna hiyo hayakisiwi. Yanahesabiwa, tena kabla ya kugusa kete. Mholanzi Alex de Voogt, aliyewachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar miaka ya 1990, aliifanya hesabu yao kuwa somo zima la uwezo wa akili ya binadamu. Na pale British Museum, London, ipo sanamu ya mti ya Shyaam aMbul aNgoong, mfalme wa karne ya 17 wa Wakuba wa Kongo, ameketi, mbele yake ubao wa mchezo wa jamii hii. Mchongaji angeweza kumwekea mkuki. Kwa hiyo anayemwona mzee wa Mantapala ameinamia mashimo ya udongo akadhani anapoteza wakati, ajue kwamba wapo waliohesabu mchezo huo ni shughuli ya kifalme.

Bao linataka wawili, pamoja na watazamaji wa kumkosoa anayecheza, na kwa mtu mpweke hilo ni nusu ya faida. Kwa anayetaka kuwa peke yake kuna banjo. Luapula ni nyumbani kwa kalindula, muziki uliovuma Zambia nzima miaka ya 1970 na 1980, na vijana wa nchi hiyo wamezoea kuliunda banjo wenyewe: kopo la mafuta au kipande cha ubao kwa mwili, nyaya za breki ya baiskeli kwa nyuzi. Kulitengeneza kunachukua siku kadhaa, kulifanya likubali sauti kunachukua majuma, na jirani atakwambia bila kuombwa kama bado.

Sasa niseme lililo wazi. Saa tupu ninazozieleza kwa sehemu kubwa ni za wanaume. Ziwa likifungwa, mwanamke hafungiwi chochote: maji yanatekwa, mihogo inatwangwa, mtoto mwenye homa anapelekwa zahanati. Baraza la kisolo likijaa, mara nyingi yuko mtu nyuma ya nyumba anayelilipia. Kwake mahali pa kuzama ni kwingine, katika kwaya ya jioni yenye sauti nne zinazopaswa kukutana, au katika kusuka nywele, kazi ya saa nyingi yenye hesabu ya mistari isiyosamehe, ambamo wawili huongea yale wasiyoweza kumwambia mshauri nasaha. Na mama asiye na unga wa kesho ukimwambia atafute jambo la kumfurahisha, umemkejeli.

Mashirika ya misaada yanazo cherehani, mizinga ya nyuki, mafunzo ya sabuni. Sina ugomvi na cherehani. Nina ugomvi na swali linaloulizwa kila kitu kabla hakijaruhusiwa kuwepo: kitaingiza kwacha ngapi? Mwaka 2014, mshairi Mkongo anayeitwa Menes La Plume alianzisha tamasha la Tumaini ndani ya kambi ya Dzaleka, Malawi, mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda. Leo wageni hulipa nauli kwenda kusikiliza muziki kambini, na wachuuzi wanauza. Lakini biashara ilifuata nyuma. Mbele walikuwepo watu waliokuwa tayari wanaimba, wanacheza ngoma na kuandika mashairi bila bajeti ya mtu, na fomu ya kutathmini mradi isingewaona.

Kwa hiyo afisa atakayeteremka Mantapala na dodoso lake, asianze kwa kuuliza kipato. Aulize nani anaogopwa kwenye kisolo, aketi mbele yake, acheze. Atapigwa ndani ya dakika kumi, watazamaji watamcheka, mtoto wa darasa la nne atamweleza alipokosea. Mahojiano yaanze hapo.