Mlango wa Chokaa Moyoni Mwako

Weka vidole juu ya kifundo cha mkono wako, ndugu msomaji, upande wa kidole gumba. Je, wausikia mpigo? Kila mpigo huo wahitaji kalisiamu, madini yaliyomo katika chokaa. Usicheke! Imo pia katika maziwa na mifupa.

Jambo hili lilivumbuliwa kwa bahati. Katika miaka ya 1882 na 1883, huko London, daktari Sydney Ringer alichunguza moyo wa chura uliotolewa mwilini na kutiwa katika maji ya chumvi. Moyo ukadunda vizuri. Kumbe msaidizi wake alikuwa ametumia maji ya bomba! Ringer alipotumia maji yaliyotakaswa kwa mvuke, moyo ulidhoofika ukasimama. Alipotia kalisiamu kidogo, ukadunda tena.

Basi kalisiamu huingiaje? Msuli umejengwa kwa chembe ndogo, na katika ngozi ya kila chembe mna milango ya protini. Mwaka 2015 na 2016, Bibi Nieng Yan na wenzake huko Beijing walionyesha umbo la mlango wa namna hiyo, uliotoka katika msuli wa sungura. Una sehemu nne zilizozunguka tundu moja, kama watu wanne wazungukao kisima. Ndani ya tundu mna bawabu mkali: huipitisha kalisiamu, huizuia chumvi, ijapokuwa chumvi ni nyingi zaidi huko nje.

Umeme wa moyo ukipita, mlango hufunguka kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Kalisiamu kidogo huingia, nayo hufungua ghala iliyo ndani ya chembe, yenye kalisiamu nyingi. Hapo msuli hujikunja. Kisha kalisiamu hurudishwa, nao hulegea.

Misuli ya mishipa ya damu ina milango kama hii. Labda nyumbani mwako yupo mzee amezaye amlodipini kwa ajili ya presha. Kazi ya kidonge hicho ni kuipunguza kalisiamu iingiayo, ili mishipa ilegee na kupanuka. Nifedipini, ndugu yake, haizibi tundu lenyewe, bali hujipachika ubavuni mwa mlango.

Pengine miguu ya mzee huvimba kwa dawa hiyo. Amwambie daktari, asiitupe kimyakimya. Dawa ikiisha mwilini, milango hufunguka kama zamani, mishipa hukaza, presha hupanda, na mara nyingi mwenyewe hasikii lolote.