Deni la Baba Lalipwa na Mwana: Vijana wa Kijerumani Katika Nyumba za Walemavu

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Hapana watu wanaopaswa kuyakumbuka maneno hayo kuliko sisi tuvaao sare. Askari huondoka kambini asubuhi akiwa na miguu miwili, na jioni akarudishwa kwa machela akiwa na mmoja. Polisi hutoka kwenda zamu, akarudi hana macho. Kwa hiyo, ndugu msomaji, habari nitakayokusimulia leo, ingawa chimbuko lake ni nchi ya mbali ya Ujerumani, yatuhusu sote.

Ni habari ya vijana ambao kila mwaka, baada ya kumaliza shule na aghalabu kabla ya kuingia chuo kikuu, huacha nyumba za wazazi wao wakaenda nchi za kigeni kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Huko hukaa na watu wenye ulemavu, na wazee, na wengine waliopatwa na shida. Hawapokei mshahara. Hupewa chakula, mahali pa kulala, na fedha kidogo za matumizi. Lakini ili tufahamu kwa nini wanakwenda, yatupasa kwanza turudi nyuma hadi mwaka 1939.

Dola Iliyowageukia Wanyonge

Mwezi Oktoba mwaka ule, Hitler alitia sahihi barua fupi, akaiandikia tarehe 1 Septemba, siku ambayo vita vilianza. Kwa barua hiyo madaktari walipewa uwezo wa kuwaua wagonjwa waliohesabiwa kuwa hawaponi. Vikafunguliwa vituo sita vya mauaji. Wenye magonjwa ya akili, wenye kifafa, mataahira na viwete walitolewa katika hospitali zao, wakapakiwa katika mabasi, wakapelekwa kuuawa kwa gesi. Jamaa zao waliletewa barua za rambirambi zenye sababu ya uongo ya kifo. Hadi Agosti 1941, waliouawa katika vituo hivyo walizidi watu 70,000.

Nasikitika kusema kwamba wenye sare nao walikuwamo. Franz Stangl, ofisa wa polisi kutoka Austria, alipewa kazi ya usimamizi katika ngome ya Hartheim, karibu na mji wa Linz, ambayo ilikuwa kimojawapo cha vituo hivyo sita. Kutoka hapo alipanda hadi kuwa mkuu wa kambi za mauaji za Sobibor na Treblinka. Mwaka 1970 mahakama ya Düsseldorf ilimhukumu kifungo cha maisha, na mwaka uliofuata akafia gerezani. Utetezi wake ulikuwa kwamba alitimiza wajibu wake tu.

Jaji Aliyesema Hapana

Wakati huohuo, katika mji wa Brandenburg an der Havel, alikuwako jaji mmoja jina lake Lothar Kreyssig. Alizaliwa mwaka 1898, na katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari. Kazi yake ya mahakama ilikuwa kuwasimamia watu wasioweza kujisimamia wenyewe, wakiwamo wenye ulemavu wa akili waliolazwa hospitalini. Mwaka 1940 akaona katika mafaili yake jambo la ajabu: watu aliowasimamia walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, tena mara tu baada ya kuhamishwa.

Jaji hakunyamaza. Mwezi Julai alimwandikia Waziri wa Sheria. Alimshtaki kwa mauaji mkubwa mmoja wa chama tawala, Philipp Bouhler, ambaye ndiye aliyekabidhiwa kazi ile. Tena aliziandikia hospitali kuzikataza kumhamisha yeyote aliye chini ya mahakama yake bila ya idhini yake. Mwezi Novemba Waziri alimwita, akamwonyesha barua ya Hitler, akamwambia kwamba asiyeyakubali mapenzi ya kiongozi kuwa ni chanzo cha sheria hawezi kuendelea kuwa jaji. Kreyssig hakuyakubali. Aliondolewa kazini, akaenda kulima shamba lake, na humo yeye na mkewe wakamficha mwanamke wa Kiyahudi hadi vita vilipokwisha.

Mauaji hayakukoma kwa sababu ya barua zake. Katika mji uleule wa Brandenburg, ndani ya gereza la zamani, watu zaidi ya 9,000 waliuawa mwaka 1940. Lakini katika majaji wa nchi nzima yeye alikuwa karibu peke yake, na jina lake ndilo linalotajwa leo kwa heshima.

Toba kwa Mikono

Vita vilipokwisha, Kreyssig aliona kwamba maneno ya kuomba radhi hayatoshi. Tarehe 30 Aprili 1958, katika mkutano wa Kanisa la Kiprotestanti mjini Berlin, ulisomwa mwito wake: mataifa yaliyodhulumiwa na Wajerumani yaombwe kuwaruhusu vijana wa Kijerumani waje kutenda jambo jema kwa mikono yao. Ndipo kilipoanza chama cha Aktion Sühnezeichen, maana yake, kwa lugha yetu, Kazi ya Ishara ya Toba.

Mwaka 1959 makundi ya kwanza yalikwenda Uholanzi na Norway. Huko Trastad, kaskazini mwa Norway, vijana walishiriki katika ujenzi wa makao ya watu wenye ulemavu wa akili. Na tukumbuke kwamba mwaka 1944, jeshi la Ujerumani liliporudi nyuma, liliziteketeza nyumba za jimbo la Finnmark katika kaskazini hiyohiyo. Baba alikuja na kiberiti. Mwana akaja na mwiko wa kujengea. Tena, taifa lililowaua walemavu wake lenyewe lilituma watoto wake kuwajengea walemavu wa wengine.

Mwaka 1961 ukuta wa Berlin ulikigawa chama. Upande wa mashariki, ambako vijana hawakuwa na ruhusa ya kusafiri watakavyo, zilianzishwa kambi za kazi wakati wa likizo. Pande mbili ziliungana tena mwaka 1991. Baada ya muda, kazi ya ujenzi ilipungua, ikazidi kazi ya kuishi na watu: kumsaidia mtu kuvaa, kula na kuoga, kusukuma kiti cha magurudumu, kufuatana naye kwenda kazini au sokoni.

Asidhani mtu kwamba kazi hiyo ni nyepesi. Kijana aliyefaulu mitihani yote hufika akiwa hajui jinsi ya kumwinua mtu kitandani bila ya kumuumiza. Yule asiyeweza kusema vizuri humfundisha subira, na yule anayemhudumia ndiye aijuaye nyumba na taratibu zake. Kwa hiyo anayekwenda kwa kujivuna kwamba anatoa sadaka hurekebishwa upesi. Mwenye ulemavu hataki kuonewa huruma kama yatima wa hadithi. Ataka msaada pale unapohitajika, na heshima siku zote.

Fundisho kwa Wenye Silaha

Jeshi ni utii. Pasipo utii hapana jeshi, bali genge. Lakini utii wetu ni kwa amri halali. Wajerumani wenyewe walijifunza hayo kwa gharama kubwa: sheria yao ya wanajeshi ya mwaka 1956 yamkataza askari kutii amri ambayo kuitekeleza ni kutenda jinai. Stangl na Kreyssig waliishi chini ya dola moja, wakakabiliwa na jambo lilelile. Mmoja alitazama cheo chake, wa pili akayatazama mafaili ya watu wake.

Sisi hapa Uganda tunayo bahati ya kukumbushwa. Kwa Katiba ya mwaka 1995, wawakilishi wa Jeshi na wawakilishi wa watu wenye ulemavu hukaa katika Bunge moja. Basi askari mwenzangu, likizo ijapo, au Jumamosi usipokuwa na zamu, wachukue vijana wa shule ya kambini mkaitembelee nyumba ya walemavu iliyo karibu nanyi. Msiende na hotuba. Ulizeni ni kazi gani ipo, ama kuni za kupasua, ama paa la kuezeka, ama kiti cha magurudumu kinachotaka kutengenezwa, kisha mkunje mikono ya mashati. Na mwenzetu aliyerudi kutoka vitani bila mguu, tusimwachie mkewe peke yake kumsukuma.