Kinyago chenye manyoya: Uhai u katika ngozi, na hatari pia

WAHENGA walinena kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Hata hivyo, wahenga hao hawakukiona kinyago chenye mota tumboni, kinachogeuza shingo na kupanua taya mgeni anapoukaribia mlango.

Vinyago vya aina hiyo hutengenezwa majumbani kote Marekani kila inapokaribia Oktoba 31, siku ya Halloween, ambayo ni mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Desturi hiyo ilivuka bahari pamoja na wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti katika karne ya 19. Siku hizi watoto huzunguka nyumba hadi nyumba wakiomba peremende, nao wenye nyumba hushindana kuwatia hofu.

Anayetaka kuunda mbwa mwitu, kwa mfano, huanza na mifupa ya mbao au mabomba ya plastiki. Mwendo huletwa na mota ya wipa za gari, ambayo hutumia umeme wa volti 12, huzunguka polepole na ina nguvu nyingi. Mkono mfupi wa chuma hufungwa kwenye mota hiyo ili mzunguko wake ugeuke kuwa msukumo wa mbele na nyuma. Taya nayo hufungwa kwa bawaba.

Kufikia hapo, fundi wengi hudhani kazi ngumu imekwisha. La hasha! Kinachobaki ni kumvika mnyama huyo manyoya bandia, na ndiko wengi hukwama.

Kosa la kawaida ni kuyachukulia manyoya kama blanketi la kuficha vyuma. Kitambaa hufungwa juu ya mnyama, kikakazwa na kugandishwa kwa gundi kila mahali. Mota inapowashwa, shingo haigeuki, taya inakwama nusu na kitambaa kinajikunja penye viungo. Anayetazama haoni mnyama, bali gunia linalohangaika.

Historia ya filamu yatufunza jambo hili. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, sokwe aliyewaogofya watazamaji alikuwa mwanasesere wa kimo cha takriban sentimita 45, mwenye mifupa ya chuma na ngozi ya sungura. Willis O'Brien na wenzake walimsogeza kidogo kidogo, wakipiga picha moja baada ya nyingine. Kila walipomgusa, vidole vyao vilivuruga manyoya, na kwenye skrini manyoya hayo yakaonekana yakitikisika yenyewe. Ilikuwa dosari, lakini wapo walioidhania kuwa hasira ya mnyama.

Filamu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 1976, Carlo Rambaldi aliunda jitu la mitambo lenye kimo cha mita 12 hivi na kulifunika kwa nywele za farasi. Pamoja na ukubwa wake wote, jitu hilo lilionekana kwa muda mfupi mno. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Rick Baker, binadamu aliyevaa vazi la sokwe. Yamkini funzo ni kwamba nguvu za mota pekee hazimpi mnyama uhai. Mtazamaji huona ngozi, na ni ngozi anayoiamini au kuikataa.

Basi fundi afanyeje? Kwanza, asikate kitambaa chochote kabla mitambo haijakamilika. Mnyama aendeshwe uchi kwa saa kadhaa, skrubu zikazwe na waya zifungwe vizuri. Kasoro inayorekebishwa kwa dakika tano leo huhitaji kufumua mshono mzima kesho.

Pili, mifupa ijazwe nyama. Sponji hukatwa na kubandikwa penye mabega, mapaja na mashavu, lakini huachwa mbali na viungo. Juu ya sponji huvutwa kitambaa chepesi kinachonyumbuka, kama vile soksi ndefu za wanawake. Kitambaa hicho huzuia manyoya yasinaswe na gia, na huiwezesha ngozi ya nje kuteleza badala ya kung'ang'ania.

Tatu, vipimo vichukuliwe kama afanyavyo fundi cherehani. Mnyama huviringishwa karatasi ya plastiki, kisha hufunikwa kwa utepe wa kunata. Juu yake huchorwa mistari ya mishono pamoja na mishale inayoonyesha manyoya yanakolalia. Kwa mbwa, manyoya hulala kutoka puani kuelekea mkiani, na kutoka mgongoni kuelekea tumboni. Baada ya hapo ganda hilo hukatwa kwa kufuata mistari, na kila kipande hupewa nambari.

Mishale hiyo si pambo. Kipande kimoja kikishonwa kinyume, mwanga hukipiga kwa namna tofauti na kikaonekana kama kiraka, hata rangi ikiwa ni ile ile.

Nne, kitambaa kikatwe kutoka upande wa nyuma, kwa wembe, na ni kitambaa cha msingi pekee kinachopaswa kukatwa. Anayetumia mkasi kama anayekata kanga huyakata manyoya pia, na mshono ukabaki na mfereji wenye upara. Wakati wa kushona, manyoya yasukumwe ndani kwa vidole. Mshono ukimalizika, yale yaliyonaswa na uzi huchomolewa kwa sindano na kuchanwa. Mshono uliofanywa hivyo hauonekani.

Tano, na hapa ndipo pa kuzingatia zaidi, ngozi ipimwe mnyama akiwa amefika mwisho wa mwendo wake. Shingo igeuzwe hadi mwisho, taya ipanuliwe hadi mwisho, ndipo kitambaa kikatwe. Kikipimwa mnyama akiwa ametulia, kitakuwa kifupi pindi anapojinyosha. Ziada itakayobaki shingoni hufichwa na manyoya marefu, kama ngozi ya mbwa halisi inavyolegea shingoni.

Mwisho ni kunyoa. Manyoya bandia hutoka kiwandani yakiwa na urefu mmoja, ilhali hakuna mnyama wa namna hiyo. Mbwa ana manyoya mafupi puani na usoni, na marefu shingoni na mkiani. Mashine ya kunyolea nywele, ikipitishwa kwa subira, huutoa uso uliojificha ndani ya kitambaa.

Ujuzi huu hauwafai Wamarekani pekee. Mwalimu wa Kenya anayetayarisha mchezo wa kuigiza wenye simba au fisi, akiwa na kitambaa na wembe tu, atafaidika na kanuni zizo hizo za mwelekeo, ulegevu na unyoaji.

Hata hivyo, kuna upande wa pili wa ngozi hii ambao haufai kupuuzwa. Manyoya bandia mengi hutengenezwa kwa nyuzi za akriliki, ambazo asili yake ni mafuta ya petroli. Nyuzi hizo hushika moto upesi, huyeyuka na kudondoka zikiwaka. Kwa kuwa kila unywele umezungukwa na hewa, moto hutambaa juu ya manyoya kwa kasi kuliko juu ya kitambaa kilicholala. Zipo nyuzi za aina nyingine, modakriliki, ambazo hukataa kuendelea kuwaka zikiondolewa motoni, na mnunuzi ana haki ya kuziulizia.

Marekani yenyewe ilijifunza kwa machozi. Katika miaka ya 1940, watoto waliungua wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza wachunga ng'ombe, yaliyoshonwa kwa kitambaa cha nyuzinyuzi za reyoni. Misiba hiyo ilichangia kupitishwa kwa sheria ya vitambaa vinavyoshika moto mwaka 1953.

Mnamo Mei 11, 1984, moto ulizuka ndani ya jumba la vitisho katika bustani ya burudani ya Six Flags Great Adventure, jimboni New Jersey. Vijana wanane waliangamia. Jumba hilo lilikuwa limesheheni vitu vinavyoshika moto upesi, na halikuwa na mfumo wa kunyunyizia maji. Kanuni za usalama wa majumba ya aina hiyo zilikazwa baadaye.

Sasa mtazame mbwa mwitu wetu pale mlangoni. Tumboni ana mota ambayo ikikwama hupata joto, maana umeme huendelea kuingia ilhali haizunguki. Amevikwa manyoya yanayozuia joto lisitoke. Kando yake, kwa desturi ya siku hiyo, limewekwa boga lililochongwa lenye mshumaa unaowaka, na watoto waliovaa mavazi mepesi wanapita katikati.

Ndiyo maana ngozi iliyobana si kasoro ya sura tu. Huilemea mota hadi ikachemka. Fundi mwenye busara huweka fyuzi kwenye waya, huizungushia mota kizimba chenye nafasi ya hewa, na huacha zipu tumboni mwa mnyama ili aweze kumfungua mara moja. Pia hubadilisha mshumaa kwa taa ndogo ya betri, na humweka mnyama mahali ambapo mkono wa mtoto hauufikii mkono wa chuma unaosukuma taya. Wala hamwachi akiendeshwa pasipo mtu wa kumwangalia.

Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi kwa sababu unajua kilichomo ndani. Lakini ukishakivika manyoya, hata wewe huoni tena kilichomo, na usipojiwekea njia ya kukichungulia, wahenga watakuwa wamekudanganya.