Ubao Uliopakwa Rangi Mara Mbili

Asubuhi ni ubao wa heshima kama mwingine wowote. Umetundikwa kwenye ukumbi wa chuo kidogo cha ufundi huku Gwassi, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kisegi: rangi ya kahawia iliyokolea, herufi za dhahabu, mwaka, fani, jina. Umeme, fulani. Ushonaji, fulani. Useremala, fulani. Lakini alasiri, jua la ziwani linapopenya dirisha la magharibi na kuupiga ubao kwa ubavu, maandishi mengine huanza kujitokeza chini ya hayo ya dhahabu. Yamevimba kidogo, kama makovu. Nilisoma MITA. Nikasogea karibu, nikasoma 1500.

Nilikuwa nimefika Kisegi kuandika habari za bei ya omena. Habari hizo niliziandika, zikachapishwa, zikasahaulika. Ubao haukunitoka kichwani.

Karani wa chuo hakujua lolote. Alinielekeza ufuoni: "Muulize fundi wa rangi. Yote pale ni mkono wake."

Fundi huyo ni mzee mwembamba ambaye kazi yake kubwa ni mashua. Kila mashua inayoingia ziwani hapa inahitaji nambari ya usajili ubavuni, na mwenye nayo hutaka na jina pia, aghalabu ombi kwa Mungu au kijembe kwa jirani. Tangu ujana wake amekuwa akiyaandika hayo, na kati ya mashua na mashua huandika vibao vya maduka, misalaba ya makaburi, vyeti vya chuo na mbao za heshima. Jina lake hataki litajwe gazetini. "Andika fundi wa rangi, inatosha," alisema, huku akiendelea kusafisha brashi kwa tapentaini.

Nilimwambia nilichokiona ukumbini. Hakushtuka.

"Kwa hiyo umeyaona," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu ninayeyaona."

Kabla hajanieleza kilichotokea, alitaka kwanza nijue ubao wa heshima unavyotengenezwa, na mimi sikuwa na haraka. Mbao hupigwa msasa hadi kiganja kiteleze. Hupakwa rangi ya chini, halafu kahawia mara mbili, na kila mara huachwa ikauke ndani ya nyumba mlango ukiwa umefungwa. Hapa adui si vumbi. Ni wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda mawingu mawingu kutoka majini na kutua juu ya chochote kilicho kibichi. Mwezi ukiandama, fundi hagusi rangi ya dhahabu kabisa. Wakimvamia ghafla huwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya mwiba, maana ukiwafuta kwa kitambaa umeharibu mstari mzima.

Kisha hunyoosha uzi uliopakwa chaki, msaidizi akishika upande wa pili, anaudunda mara moja na mstari unabaki. Huhesabu herufi za jina kabla ya kuandika hata moja: I ni nusu, M na W ni moja na nusu, nyingine ni moja moja. Akishapata herufi ya katikati ndipo anajua jina litaanzia wapi. Mkono wa kulia huegemea fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani, ili kiganja kisiguse rangi mbichi.

"Majina yetu yanataka subira," aliniambia. "Ukiandika orodha ya Wajaluo, upande wa kushoto wote ni O na A. Odhiambo, Otieno, Okoth, Atieno, Akinyi. Na O ina hila. Lazima ivuke mstari kidogo juu, ivuke kidogo chini. Ukiipimia sawasawa na herufi za jirani itaonekana imedumaa, na mwenye jina atakuja kulalamika bila kujua anacholalamikia."

Vilevile kuna ile alama ndogo mwishoni mwa Ochieng' na Achieng'. Makarani huidondosha kwenye orodha. Fundi huirudisha, na hulipisha bei ile ile.

Zamani, anasema, mbao zilikuwa mbili, zikitazamana ukumbini. Wa kulia ulikuwa wa masomo, wa kushoto wa michezo. Wa masomo ulijaa kwanza, kwa sababu kila mwaka kila fani lazima itoe mwanafunzi bora, hata kama mwaka huo hakuna aliyefanya vizuri sana. Wa michezo ulijaa polepole. Ukitaka kuandikwa pale ilikubidi ushinde watu wa vyuo vingine. Ilipofika wakati wa kuongeza ubao wa tatu, fedha za mbao hazikupatikana. Mkuu wa chuo wa wakati ule aliamua ubao wa michezo uteremshwe, upakwe kahawia upya, uendeleze majina ya masomo.

"Nikaambiwa, nikafanya," alisema fundi. "Nilikuwa na watoto shuleni."

Nilimuuliza kwa nini hakuipiga msasa ile dhahabu ya zamani kwanza, kama alivyonieleza muda mfupi tu uliopita. Fundi anayewatoa wadudu kwa mwiba hawezi kusahau msasa.

"Msasa uliisha," alinijibu.

"Uliisha, Jaduong'?"

"Uliisha, nyathina." Akageukia mashua yake.

Sikumuuliza tena.

Fundi ndiye anayeandika vyeti vya siku ya kutoa zawadi, kwa hiyo hualikwa na hukaa safu za nyuma. Aliyesoma shule Kenya anaijua siku hiyo bila kuelezwa: mahema ya kukodi, viti vya plastiki, mgeni wa heshima anayechelewa, hotuba tano. Mwanafunzi bora huitwa kwa jina lake kamili na la babake, hupanda jukwaani, hupewa sufuria, blanketi au beseni, na mamake huja akicheza kutoka nyuma ya hema hadi mbele. Kisha huitwa "timu ya kandanda". Huinuka vijana kumi na kitu kwa pamoja, nahodha hushika kombe kwa muda wa picha, kombe hurudi kwenye kabati la ofisi na kufuli hufungwa. Wao hupewa soda na mikate. Mwaka wa ushindi mkubwa huchinjiwa ng'ombe.

"Wa vitabu tunamwandika," fundi alisema. "Wa miguu tunamlisha."

Ningependa kumtetea mkuu wa chuo, na utetezi upo. Chuo kidogo kinaishi kwa idadi ya wanafunzi. Mzazi anayeingia ukumbini na karo mfukoni hutazama kama watoto wa hapa hufaulu mitihani, na ubao wa masomo ni tangazo lisilolipiwa. Asumbi na Migori kuna vyuo vya walimu vinavyojulikana, Rongo imekuwa na chuo kikuu chenye hati yake tangu 2016, na mji wa Homa Bay una Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Chuo kilichojificha nyuma ya milima ya Gwassi hakina jina kubwa la kukitangaza. Isitoshe, nchi yenyewe imepanga hesabu zake hivyo. KUCCPS inapowagawia vijana nafasi za vyuo, hutazama gredi za mtihani wa KCSE na alama za masomo yanayohitajika. Mita 1500 hazimo katika hesabu hiyo, hata ukizikimbia kwa kasi gani.

Linalonikera ni kwamba kwingineko hesabu imefanywa tofauti, tena na Wakenya wenyewe. Mwaka 2004, Mike Boit, aliyetwaa shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972 na baadaye kuwa profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta, alishirikiana na mwandishi wa Marekani John Manners kuanzisha mradi wa KenSAP. Walichukua vijana wa Bonde la Ufa waliopata alama za juu kabisa katika KCSE na kuwasaidia kuomba nafasi katika vyuo bora vya Marekani. Sehemu ya usaili wao ilikuwa kioja: vijana hao, wengi wao wakiwa hawajawahi kushindana mbio zozote, walipelekwa Iten wakimbie mita 1500 wakipimwa muda. Waliofanya vizuri walipendekezwa kwa makocha.

Mmoja wa vijana wa mradi huo, Peter Kosgei, alikwenda Hamilton College, chuo kidogo jimboni New York. Chuo hicho kiko daraja la tatu la michezo ya vyuo vya Marekani, daraja ambalo sheria zake haziruhusu ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Kosgei, ambaye hakuwa mkimbiaji alipoondoka nyumbani, alitwaa ubingwa wa kitaifa wa daraja hilo katika mita 3000 kuruka viunzi na maji mwaka wake wa kwanza tu, kisha akaendelea kukusanya mataji. Alikuwa amepewa nafasi kwa sababu ya vitabu. Miguu ikaja kugunduliwa baadaye, na iliandikwa kwa jina lake.

Nilimsimulia fundi kisa hicho tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha mashua iliyopinduliwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na asiyekuwa na vitabu?"

Sikuwa na jibu. KenSAP haikuwa na mlango kwa kijana wa gredi ya C. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wa mtaala mpya wameingia sekondari ya juu ambako mojawapo ya njia tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, na pengine humo ndimo jibu lilimo. Lakini njia hiyo inahitaji walimu, viwanja na vifaa, na shule za huku ufuoni zina kiwanja kimoja chenye mteremko ambamo mpira ukipigwa vibaya huishia kwenye nyavu za omena zilizoanikwa.

Mkuu wa chuo wa sasa ni mtu mwingine, kijana zaidi, na ameagiza ubao mpya wa michezo. Mbao ziko tayari, kahawia imeshapakwa. Fundi aliomba orodha ya majina. Ililetwa karatasi moja: Kandanda, washindi. Voliboli, washindi. Riadha, nafasi ya pili. Hakukuwa na hata jina moja. Aliirudisha.

Habari zikaenea ufuoni, na watu wakaanza kuja. Wanaume watatu wamekwishafika nyumbani kwa fundi kwa nyakati tofauti, mmoja anauza petroli ya injini za mashua, mwingine ni mzee wa kanisa, wa tatu anaendesha bodaboda. Kila mmoja anadai ndiye aliyeshinda mita 1500 mwaka ule ule, na kila mmoja ana shahidi. Chini ya rangi ya ubao wa zamani jina linaanza na OCH. Hilo halisaidii, kwani wawili kati yao ni kina Ochieng', na wa tatu anasema fundi alikosea tahajia tangu mwanzo.

Fundi hakumbuki. Alinieleza kwamba ipo njia moja tu ya kumaliza ubishi, nayo ni kukwangua. Ila juu ya mstari huo limeandikwa jina la mwanafunzi bora wa umeme, ambaye siku hizi ni mwalimu pale pale chuoni, naye ameshasema hataki kuguswa.

"Nyinyi watu wa magazeti hamkuwepo siku hiyo?" fundi aliniuliza.

Hatukuwepo. Mbio za vyuo vidogo huku Gwassi hatuzifuatilii hata leo.

Wakati ubishi unaendelea, fundi ameanza kumsumbua mkuu wa chuo kwa jambo lingine. Miaka yote hii, anasema, ameandika kandanda, voliboli, netiboli na riadha, na hajawahi hata mara moja kuandika kuogelea wala kupiga makasia. Ziwa liko hapo mbele ya lango. Vijana wa hapa wamekuwa wakivuta kasia tangu wakiwa wadogo, na usiku wa giza ndio wanaokwenda na taa kutafuta omena. Mashindano ya kuogelea yanayoandikwa magazetini ni ya Nairobi na Mombasa, kwenye mabwawa ya shule za kulipia. Anataka safu mbili ziachwe wazi kwenye ubao mpya.

Mkuu wa chuo hakukataa. Alisema hakuna mashindano kama hayo kwenye ratiba ya vyuo, hakuna majaketi ya kuokoa maisha, na akauliza ni nani atakayebeba lawama mwanafunzi akizama. Ni swali la haki, maana ziwa hili limezika watu wengi.

Nilimfikishia fundi jibu hilo. Alikuwa akiandika nambari ya usajili kwenye mashua mpya, na hakusimamisha brashi.

"Wako majini kila jioni," alisema. "Hilo la lawama, hakuna aliyewahi kuja kuniuliza."