Barua za Mwalimu Ume

Mwaka 1984, kwenye stoo ya darini katika chuo cha Tsuda, Tokyo, yalipatikana mamia ya barua za zamani zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mwandishi wake alikuwa mwasisi wa chuo hicho, Tsuda Ume, na nyingi alikuwa amempelekea Adeline Lanman, mama aliyemlea Marekani.

Safari yake ilianza Desemba 1871, serikali ya Japani ilipowapeleka wasichana watano Marekani wakasome. Ume, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka 6. Alikabidhiwa kwa Charles Lanman na mkewe Adeline, watu wa Georgetown, Washington, ambao hawakujaliwa kupata mtoto. Aliporudi Novemba 1882, akikaribia miaka 18, Kijapani kilikuwa kimemtoka kichwani. Hata kuzungumza na mama yake mzazi kulihitaji mkalimani.

Bibi Lanman ndiye aliyebaki kuwa msiri wake. Ume alimweleza jinsi miguu ilivyomuuma kwa kukaa sakafuni amekunja magoti, na jinsi alivyochoshwa na maneno ya watu waliotaka aolewe haraka. Jambo lililomkera zaidi ni kwamba serikali iliyomsomesha haikuwa imemwandalia kazi. Wanaume waliotoka masomoni ng'ambo walipewa vyeo, naye akakaa nyumbani akisubiri kuitwa.

Baadaye alipata kibarua cha kufundisha nyumbani kwa Ito Hirobumi, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani mwaka 1885. Mwaka huohuo Ume akaajiriwa katika shule ya mabinti wa makabaila. Mshahara ulikuwa mzuri na heshima ilikuwapo, ila shule ililenga kuwaandaa mabinti hao wawe wake watiifu, na hilo halikumridhisha.

Mwaka 1889 alirudi Marekani kusoma biolojia katika chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania. Huko alishirikiana na Thomas Hunt Morgan kuchunguza mayai ya chura, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 1894. Morgan alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Ume yeye alikuwa amesharudi Tokyo mwaka 1892, darasani kwa mabinti walewale.

Mwaka 1900 aliacha kazi hiyo akafungua shule yake katika nyumba ya kupanga, akiwa na wanafunzi 10. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwa Oyama Sutematsu, mmoja wa wale wasichana watano wa mwaka 1871. Shule hiyo ndiyo Chuo Kikuu cha Tsuda cha leo, na tangu Julai 2024 sura ya Ume imo kwenye noti ya yeni 5,000. Anayetaka kujua kwa nini aliianzisha aanze na barua za miezi ile ya kwanza, alipokuwa na elimu ya miaka kumi na hana pa kuitumia.