Mikorosho inachipua mekundu: je, ni ugonjwa?

Swali hili hutufikia kila mikorosho inapoanza kuchipua, na safari hii limetoka Utete: majani machanga yametoka na rangi ya damu ya mzee, tupulize dawa? Jibu letu ni hapana. Salfa yako iweke kwanza.

Wekundu ule ni mwavuli wa jani. Jani changa bado halijakamilika kwa kazi ya kutengeneza chakula, lakini jua la Rufiji halisubiri likue. Mwanga ukizidi kiasi ambacho jani linaweza kukitumia, ile ziada huanza kuliharibu kwa ndani. Kwa hiyo mmea hutengeneza rangi nyekundu, anthosianini, ambayo hunyonya sehemu ya mwanga huo kabla haujaleta madhara. Jani likikomaa, wekundu hufifia na kijani hubaki. Mwembe nao hufanya vivyo hivyo.

Mmea unajuaje wakati wa kuanza? Ndani yake kuna protini ambayo wanasayansi wameiita COP1. Gizani, kazi yake ni kuhakikisha zile protini zinazowasha utengenezaji wa rangi zinavunjwa. Mwanga mkali ukifika, hasa wa buluu na ule wa urujuanimno tusiouona kwa macho, jani huuhisi, COP1 inabanwa, na rangi inaanza kutengenezwa. Ndiyo maana chipukizi la juani mara nyingi huwa jekundu kuliko la kivulini, hata kwenye mti mmoja. Katazame mwenyewe shambani.

Ila kinga hiyo haikamiliki kwa saa moja, huchukua siku. Hapo ndipo wengi wetu tunapoteza miche. Mche uliolelewa kitaluni chini ya makuti ukitolewa ghafla juani, majani hupauka, kisha huungua, nasi tunamsingizia mchwa au aliyetuuzia miche! Punguza makuti kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi kabla ya kupanda.

Ugonjwa wa kuogopa ni ubwiri unga, nao hauji kwa wekundu. Huja kama unga mweupe wa kijivujivu juu ya majani machanga na maua. Pitisha kidole. Ukishika unga, mwone afisa ugani mapema kuhusu salfa, kabla maua hayajapukutika.